Medusa hakulaaniwa, alizaliwa hivyo

Tanga

Kwako Mwanaidi,

Salaam aleikum, shoga yangu. Sisi huku wazima. Mama anakusalimia sana, anauliza utarudi lini kutoka Paris.

Ile habari ya Medusa, yule wa ngano za Kigiriki ambaye ukimtazama unageuka jiwe, uliyonisimulia kwenye simu, kwamba alikuwa binti mzuri, Poseidon mungu wa bahari akambaka hekaluni kisha mungu wa kike Athena akamgeuza nywele zikawa nyoka, ilinikosesha usingizi. Nikaifuatilia ilikotoka. Kumbe si ya Wagiriki! Aliyeisimulia hivyo ni Ovid, mshairi wa Roma, yapata mwaka 8 BK.

Hesiod, mshairi Mgiriki aliyemtangulia kwa miaka kama 700, hana laana yoyote. Kwake Medusa kazaliwa Gorgoni, yaani zimwi la kike, mtoto wa Phorkys na Keto, ukoo wa baharini, pamoja na dada zake Stheno na Euryale. Hao wawili hawafi wala hawazeeki. Yeye tu ndiye aliyeandikiwa kufa, na sababu hatuambiwi. Poseidon yumo, lakini walilala kondeni kwenye majani laini na maua, si hekaluni. Shujaa Perseus alipomkata kichwa, wakachomoka watoto wake: Pegasus, yule farasi mwenye mabawa, na Chrysaor mwenye upanga wa dhahabu.

Ukirudi kwa Homer, mshairi mwingine wa kale wa Kigiriki, hata mwili hakuna. Ni kichwa tu: kimechorwa kwenye ngao ya mfalme Agamemnon, na huko kuzimu shujaa Odysseus anatimua mbio akihofu Persephone, malkia wa huko, asije akamtolea kichwa hicho. Mimi naona kichwa ndicho kilichotangulia, cha kutishia maadui, kisha watu wakatunga kisa cha nani alikikata. Uzuri nao ukaingia polepole. Mwaka 490 KK mshairi Mgiriki Pindar alikwisha kuyasifu mashavu yake, kabla Ovid hajazaliwa.

Wachongaji wala hawakujali mpangilio wa matukio. Kwenye hekalu la mungu wa kike Artemis kisiwani Corfu, Ugiriki, la mnamo 580 KK, Medusa ana urefu wa karibu mita 3, kichwa kipo shingoni, na watoto wake tayari wamesimama pembeni! Wametokea wapi, sijui.

Sasa nina ombi. Hapo kwenye makumbusho ya Louvre kuna mtungi mkubwa kutoka Boeotia, jimbo la Ugiriki, wa karne ya 7 KK: Perseus anamkata kichwa huku kageuza uso, na Medusa ana kiwiliwili cha farasi. Nyoka hana hata mmoja. Nenda ukampige picha, unitumie.

Wako,
Rehema