Barua kwa Zawadi kuhusu haidrojeni ya TW Hydrae

Mpendwa rafiki yangu Zawadi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Natumaini hamjambo, na kwamba Mzee Kombo ameshapata nafuu ya goti. Sisi huku tu wazima. Naomba radhi kwa kimya cha tangu Pasaka. Leo nakuandikia kwa sababu nimewafundisha wanafunzi wangu jambo lisilo sahihi, nami sina raha mpaka nilisahihishe.

Nilikuwa nikiwaeleza habari za TW Hydrae, ile nyota changa tuliyoijadili usiku kucha chuoni, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 200. Niliwaambia kwamba diski ya gesi inayoizunguka ni haidrojeni kwa sehemu kubwa, lakini molekuli yake ni bubu: atomu zake mbili zinafanana, chaji haielemei upande wowote, na gesi ikiwa baridi karibu haitoi mwanga wowote. Binti mmoja akauliza, "Sasa tunajuaje kwamba ipo?"

Swali hilo lilinifurahisha mno. Nilimjibu kwamba gesi inayoporomoka juu ya nyota hutoa mwanga mkali wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, na kwamba molekuli zilizo karibu na nyota, zikiwa zimepata joto la nyuzi elfu mbili hivi, huumeza mwanga huo kisha huutema katika mistari mingine mingi ya urujuanimno, yaani mwanga wenye urefu mahususi wa wimbi kwa kila mstari. Angahewa yetu huzuia miale hiyo, kwa hiyo ilibidi itazamwe na darubini ya Hubble iliyo angani, na mwaka 2002 wanaastronomia walitangaza kwamba wameitambua mistari 146 katika nyota hiyo moja. Darasa zima lilinyamaza kwa mshangao.

Hapo ndipo nilipokosea. Kijana mwingine aliuliza gesi hiyo ina uzito gani, nami nikajibu kwamba tukijumlisha mwanga wa mistari hiyo tunapata uzito wa diski yote. Yule binti aliliandika jibu langu na kulipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Zawadi, mistari ile inatuonyesha gesi yenye joto tu, ile inayofikiwa na mwanga wa nyota; gesi nyingi iko mbali zaidi, katika baridi, na haimo kabisa katika hesabu hiyo. Uzito ulikadiriwa kwa njia nyingine mwaka 2013, pale darubini ya Herschel ilipopima molekuli ambamo atomu moja ya haidrojeni imebadilishwa na ya deuteri, yaani haidrojeni nzito, ikaonekana kwamba diski ina zaidi ya asilimia 5 ya uzito wa Jua. Kila nikiukumbuka ule mstari mwekundu, moyo wangu hautulii.

Je, ungeanza kwa kukiri kosa mbele ya darasa, au kwa kuwauliza wao wenyewe ni gesi ipi isiyofikiwa na mwanga? Ule mrija wenu wa haidrojeni bado unawaka? Waweza kuniazima kwa wiki moja, pamoja na kifaa chake cha umeme? Na safari yako ya huku ni lini?

Nakusubiri.

Rafiki yako,
Neema