Kusubiri hakuhitaji uongo

Mhariri,

Nimesoma mjadala wa wataalamu mliouchapisha kuhusu elimu ya jinsia. Daktari anataka vijana wafundishwe kondomu, mwanazuoni wa maadili anataka wafundishwe kusubiri, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama adui wa watoto. Mimi ni mkunga tu, mstaafu baada ya miaka 31, na nikiulizwa niko upande wa kusubiri. Binti zangu niliwalea hivyo.

Ila kuna usiku mmoja haunitoki. Aliletwa binti wa miaka 15, uchungu umekolea, njia imefunguka sentimita 7. Akanivuta mkono, akanong'ona: "Nesi, kitovu kitapasuka saa ngapi?" Alidhani mtoto hutokea kitovuni. Asubuhi nilimuuliza mama yake kama aliwahi kumweleza lolote. Akasema alimwonya asicheze na wavulana. Basi. Na aliyempa mimba hakuwa mvulana. Alikuwa mtu mzima, jamaa wa humo humo nyumbani. Huyo mtoto unamwambia asubiri nini?

Halafu kuna hili la kondomu. Niliwahi kukaa nyuma kwenye semina ya vijana, msemaji akatangaza kuwa mpira ule una vitundu vinavyopitisha virusi vya UKIMWI. Si kweli: mpira mzima, usiopasuka, hauvipitishi. Tulipotoka kijana mmoja akanifuata. "Kumbe haina kazi. Ya nini kujisumbua kuivaa?" Nilishikwa na hasira, si kwa kijana.

Ukweli wenyewe ungemtosha yule msemaji. Katika wanawake 100 wanaotegemea kondomu ya kiume mwaka mzima, jinsi watu wanavyoitumia kikawaida, 13 hivi hushika mimba. Ikivaliwa sawasawa kila mara, ni 2. Mwambie kijana hesabu hiyo, mwache aipime.

Wenzangu wa kusubiri nao wasinune nikiwakumbusha utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 katika jarida la Pediatrics. Uliwafuata vijana walioapa kutogusana hadi ndoa. Baada ya miaka 5, asilimia 82 walikana kwamba waliwahi hata kuapa. Walishafanya ngono sawa na wenzao wasioapa waliofanana nao kwa mengine mengi, tofauti ikiwa kwamba walioapa hawakujikinga sana. Mimi naona kiapo walipewa, sababu hawakupewa.

Waandaaji wa ile semina wamenialika safari hii nizungumze. Mada waliyonipa ni "Usafi wa moyo". Nimewajibu nitakuja, na nimeomba ubao, kwa sababu nitaanza na mchoro wa mwili, na kitovu nitakionyesha kilipo.

Mkunga mstaafu