Fainali ya Hamburg isisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Juzi barazani hapa Chake Chake kijana mmoja alinibishia kuwa Zanzibar haijapata kufika fainali yoyote Ulaya. Nikamwambia: Hamburg, Ujerumani, 2006, kombe la timu zisizo za FIFA. Tulitoka 0-0 na Saiprasi ya Kaskazini, tukafungwa kwa penalti. Akacheka hadi kahawa ikammwagikia kanzu.

Mwaka 2012, kule Kurdistan ya Iraki, tukawa wa tatu. Makombe ya pembeni, sawa, lakini ni makombe. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitukaribisha uanachama Machi 2017, ikatutoa Julai, hata mkeka hatujautandika!

Naomba mchapishe picha ya kikosi cha Hamburg. Yangu, niliyoikata gazetini, mende wamekwisha kula uso wa kipa.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba