Wanafunzi wa vifaa tiba wapewe mawimbi halisi ya moyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo vinavyofundisha ufundi wa vifaa tiba hapa Dar es Salaam.

Nilimaliza diploma bila kugusa wimbi hata moja la moyo wa mtu halisi. Chuoni kwetu mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kama wimbi, ilikuwa moja, tena mbovu, basi tukachorewa ubaoni sehemu za wimbi la pigo moja: P, QRS, T. Tukakariri, tukafaulu. Nilipoajiriwa nikashikishwa karatasi ya mgonjwa aliyekuwa akitetemeka kwa homa, nami sikujua lipi ni pigo la moyo na lipi ni mtetemo wa misuli.

Sasa nafundisha vijana huku Tabata kila Jumamosi, na mawimbi halisi tunayo. Kwenye tovuti ya PhysioNet, iliyoanzishwa 1999, zipo rekodi 48 za watu waliopimwa katika hospitali ya Beth Israel, Boston, kati ya 1975 na 1979. Kila rekodi ni ya nusu saa, wimbi limepimwa mara 360 kwa kila sekunde, na kila pigo madaktari wameliwekea alama. Ni bure. Rekodi moja haifiki MB 2. Mmoja akizishusha kwa bando lake, flash inazunguka darasa zima.

Juzi binti mmoja aliandika programu ya kuhesabu mapigo. Kwenye rekodi iitwayo 113 (ni jina tu, si idadi) ikampa karibu mara mbili ya hesabu ya madaktari. Akarudi kwenye skrini, akawa anakuza picha sekunde baada ya sekunde, mpaka akaona: T ya mtu huyo imepanda juu mno, na programu inaihesabu kama pigo jingine. Ubaoni hilo hulipati, maana T ya ubaoni siku zote ni kilima kidogo.

Halafu kuna umeme wa ukutani, ambao mngurumo wake huingia kwenye wimbi la moyo. Wa Marekani ni hezi 60, wetu 50. Kijana akinakili kichujio cha kule, yaani programu ya kuondoa mngurumo huo, bila kuelewa, mngurumo wa umeme wetu utabaki umelalia wimbi la mgonjwa wa Temeke. Hapo lazima mwalimu awepo, intaneti peke yake haitoshi.

Wakuu, maabara za kompyuta mnazo. Tengeni saa mbili kwa wiki, na kwenye mtihani wa mwisho mwanafunzi apewe faili ambalo hajawahi kuliona, badala ya kuambiwa achore PQRST.

Fundi vifaa tiba,
Tabata, Dar es Salaam