Risala ya Chama cha Sanaa kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho ya Akseli Gallen-Kallela

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo!

Tuna furaha isiyo kifani kukupokea. Mwaka huu tunamuenzi mchoraji wa Ufini, Akseli Gallen-Kallela, aliyezaliwa Pori mwaka 1865 na kufariki Stockholm mwaka 1931. Kwao anasifika kwa picha za visa vya Kalevala, utenzi wa taifa la Ufini. Sisi tunamhesabu jirani wa zamani: mwaka 1909 alihamia Nairobi na mkewe Mary na watoto wao, Kirsti na Jorma, akachora picha zaidi ya 150 kabla ya kurudi kwao.

Chama chetu kimepiga hatua kubwa. Wanachama ni 34, na picha 19 zinapamba kuta hizi. Ile iliyo karibu na mlango ilishika nafasi ya pili katika kaunti ndogo.

Mheshimiwa, shida yetu ni moja: hatuna chumba. Tunachorea kwenye veranda ya bwalo. Hayo madoa meupe angani katika picha iliyo nyuma yako si mawingu, ni mvua ya Aprili. Kengele ya chakula ikilia, tunapanga karatasi rangi ikiwa mbichi. Kesho yake tunazibandua zikichanika. Gallen-Kallela tayari alikuwa na nyumba ya magogo ya kuchorea kule Ruovesi, Ufini, lakini alipotoka kwetu alijenga karakana nyingine huko huko Ufini, mahali paitwapo Tarvaspää, kati ya 1911 na 1913. Sisi tunaomba moja tu.

Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi mabati 40. Wa mwaka jana akaongeza saruji. Tuliwapigia makofi kwa moyo mkunjufu, na bado tunawashukuru kwa nia yao njema. Msingi tuliochimba na wazazi nyuma ya maktaba umeota nyasi. Mwezi Mei mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza alitumbukia humo akateguka mguu.

Kwa heshima kuu tunaomba mabati hayo 40, mifuko 30 ya saruji na madirisha mawili mapana. Mawe wazazi watatoa. Tunakusihi pia, kabla ya chakula, ufike uone msingi wenyewe. Fundi anakusubiri pale, na karatasi ya gharama anayo mkononi.

Katibu, kwa niaba ya Chama cha Sanaa