Ukiinyemelea barabara, Aqua yako itazidi kunywa mafuta

Mteja mmoja, dereva wa teksi ya mtandaoni, alituletea Toyota Aqua yake, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya stima kwa pamoja, na lalamiko moja tu. "Fundi, niliambiwa hii gari inanusa mafuta. Mbona yangu inakunywa?" Tukaipima yote. Plagi nzuri, betri nzima, breki haziburuti, tairi zina upepo. Nikamwambia, bosi, shika usukani, mimi nikae kando, twende Westlands na kurudi.

Hatukuwa tumefika hata raundabauti ya Bunyala nikawa nimeshaona shida iko wapi. Ilikuwa kwenye kiatu chake cha kulia. Taa ikiwaka kijani anaondoka kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani. Jicho moja barabarani, jingine kwenye dashibodi, likichunga ile alama ya EV, inayoonyesha gari linatembea kwa stima peke yake, isizimike. Matatu ya nyuma ilipiga honi hadi makanga akachomoza kichwa kutuuliza kama tumelala. Tulipofika kilomita 40 kwa saa, taa ya mbele ilikuwa imeshageuka nyekundu, naye akakanyaga breki kwa nguvu. Safari nzima ikawa hivyo, kuanzia Uhuru Highway hadi juu.

Tunawaona wengi wa namna hii hapa gereji, na si kosa lao. Aliyewauzia gari aliwaambia haibridi inatumia stima, kwa hivyo wakaamua kuwa injini ikinyamaza wanaokoa na ikinguruma wanapoteza. Hesabu yenyewe haiendi hivyo.

Aqua, Prius, Axio haibridi na Fielder haibridi zinazoletwa hapa kutoka Japani, karibu zote hazina mahali pa kuchomeka waya. Stima yote iliyo kwenye betri imetoka kwenye tangi la petroli, ama moja kwa moja kupitia injini, ama kwa njia ya breki, na mwendo huo unaoufunga breki ulinunuliwa kwa petroli pia. Tena betri yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ile ya Aqua za mwanzo ni ya volti 144 na ampea-saa 6.5. Ukizidisha unapata kitu kisichofika yuniti moja ya tokeni za stima. Na kompyuta ya gari haikuruhusu uitumie yote, huilinda isijae kabisa wala isiishe kabisa. Hicho ni kipochi cha pesa za matumizi, si akaunti ya benki.

Sasa fikiria M-Pesa. Ukiwa na noti mkononi na duka liko mbele yako, unalipa na unaenda. Ukiituma kwenye simu nyingine, kisha ukaenda kwa ejenti kuitoa ndiyo ununue, mkate ni uleule ila umekatwa ada njiani. Nguvu ya injini inayokwenda moja kwa moja kwenye magurudumu ni ile noti. Inayogeuzwa stima na jenereta, ikapita kwenye inveta, ikalala kwenye betri, kisha ikatolewa tena kwenda kwenye mota, hiyo imekatwa ada kila ilipopita. Unapoondoka kwa kunyemelea ukitumia betri peke yake, unaimaliza kazi yake mahali panapotaka nguvu nyingi zaidi, yaani kulitoa gari la tani nzima kwenye kusimama. Ikishuka, injini itawaka tu, na itawaka wakati wewe umesimama kwenye foleni, ikichoma petroli kulipa deni.

Jambo la pili ni injini yenyewe. Injini ya petroli haipendi kazi nyepesi. Ikizunguka bila mzigo wa maana, sehemu kubwa ya mafuta inaishia kwenye joto na kwenye kusukumana na msuguano wake yenyewe. Toyota walipotoa Prius mpya mwishoni mwa 2015 walijivunia injini inayogeuza asilimia 40 ya nishati ya petroli kuwa kazi, na hiyo ni pale inapopewa mzigo unaoifaa. Ibembeleze, na utapata chini ya hapo sana. Mpe punda mzigo wa kiasi chake atembee. Ukimbebesha kijiti kimoja kwa safari kumi, nyasi atakula zilezile.

Basi ukanyage vipi? Tazama ile geji ya dashibodi yenye sehemu tatu: CHG ya kuchaji betri, ECO ya kubana mafuta na PWR ya nguvu nyingi. Taa ikiwaka kijani, achia breki uiache mota ya stima ilisogeze gari hatua chache za mwanzo, hapo ndipo ina nguvu zake. Kisha kanyaga, kwa uthabiti, mpaka mshale uvuke katikati ya ECO na kukaribia mwisho wake bila kuingia PWR. Injini itawaka. Iache iwake. Watu hushtuka hapa kwa sababu sauti hupanda kabla ya mwendo kupanda: gari hili halina gia za kubadilisha, lina seti moja ya meno inayogawa kazi kati ya injini na mota mbili, kwa hivyo injini huenda kwenye mzunguko unaoifaa na mwendo ukafuata nyuma. Haliumii. Shikilia mguu palepale, usipampu.

Ukifika mwendo unaoutaka, tuseme 50, inua mguu kabisa kwa sekunde moja hivi. Injini itazima. Kisha gusa kanyagio kidogo, kama unavyopapasa yai, mpaka mwendo utulie. Hapa ndipo mahali pa EV. Kulitunza gari kwenye mwendo lililokwisha kuupata kunataka nguvu kidogo sana, na betri inaimudu. Yule mteja alikuwa akiifanya kinyume: stima kwenye kupanda mwendo, na injini kwenye kusimama.

Tulizunguka safari ileile mara mbili, yeye akiendesha zote, kwa sababu kwenda Westlands ni kupanda na kurudi ni kushuka, na kulinganisha nusu na nusu kungekuwa kujidanganya. Mara ya kwanza kwa mtindo wake, dashibodi ilisoma kilomita 17.8 kwa lita. Mara ya pili nikimwambia "sasa kanyaga, sasa achia," ikasoma 20.4. Safari mbili hazitoshi kuapa kwazo, na foleni ya pili ilikuwa nyepesi kidogo. Lakini uso wake niliuona.

PWR je? Ukiingia huko injini inapiga kelele na betri inamwagika kwa pamoja, na kilichomwagika utakilipa baadaye. Isiwe tabia. Ila ukiwa unaingia Thika Road na lori linakuja, kanyaga mpaka chini bila kufikiria lita. Hakuna mafuta ya bei hiyo.

Nusu ya pili ya akiba iko kwenye breki, na hapa sitamung'unya maneno: madereva wa Nairobi tunafunga breki kama tumeviziwa. Haibridi hurudisha stima kwenye betri unapopunguza mwendo, lakini betri ina kiwango cha kupokea kwa mara moja. Ukikanyaga ghafla, kinachozidi hapo kinaenda kwenye pedi na diski na kugeuka joto la bure. Ukiona taa nyekundu mbele, au matuta, achia mafuta mapema, kisha gusa breki kidogokidogo ukiuweka mshale ndani ya CHG. Najua utaacha nafasi mbele yako na boda tatu na nisani moja zitaijaza. Zikijaza, zimejaza. Wewe bado unachaji.

Na tafadhali, acheni kuteremka na nyutro. Desturi hii imetoka kwenye magari ya zamani na kwenye haibridi ni hasara tupu: ikiwa N, betri haichajiwi hata kidogo. Acha D ifanye kazi. Herufi B nayo ina watu wake, wanaoamini inachaji zaidi na kuendesha nayo mjini siku nzima. B huizungusha injini ili ishike gari, kwa hivyo sehemu ya ule mwendo inapotelea humo badala ya kurudi betri. Mahali pake ni mteremko mrefu kama wa kutoka Rironi kushuka Mai Mahiu, betri ikishajaa na hutaki kuchoma pedi.

Asubuhi, hasa Julai kukiwa na ule ubaridi wa mvua za rasharasha, injini itawaka hata kama betri imejaa. Inajipasha moto, na inapasha moto ule mtungi wa kusafishia moshi. Dakika ya kwanza nenda polepole. Hapo ndipo kunyemelea kunakubalika. Ndiyo maana pia safari tano fupi za kupeleka watoto na kununua maziwa hula kuliko safari moja ndefu ya umbali uleule.

Wanaotoka Limuru hunipigia wakisema gari lao ni bora kuliko la jirani, halafu jioni wananipigia wakilia. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na mji uko chini yake. Pima mviringo mzima, na usiiamini dashibodi peke yake. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, zungusha kilomita kwenye sifuri, tembea wiki, jaza tena kwenye pampu ileile mpaka ikate, kisha gawanya kilomita kwa lita. Na usitafute 35.4 kwa lita iliyokuwa kwenye matangazo ya Aqua ilipotoka Japani mwishoni mwa 2011. Hicho ni kipimo cha maabara, maabara isiyo na Jogoo Road.

Haya yote ni ya Toyota. Nissan Note ya e-Power ni kabila jingine: injini yake haijaunganishwa na magurudumu hata kidogo, inazalisha stima tu, mota ndiyo inayosukuma, kwa hivyo mchezo wa kuiwahisha injini hauna maana kubwa, kwake cheza na breki. Honda Fit na Vezel haibridi za kizazi kilichoanza 2013 zina gia saba za klachi mbili, na hizo hazipendi kusogezwa inchi kwa inchi kwenye foleni. Ngoja nafasi ifunguke, kisha sogea mara moja.

Mguu ukishanyooka na gari bado linakunywa, hapo lete. Mara nyingi tunakuta oili nzito ya 20W-50 mahali pa 0W-20, kwa sababu mtu fulani alimwambia mwenye gari kuwa oili nyepesi "inaisha haraka." Tunakuta pia feni ya betri imezibwa. Mlango wake wa kuvutia hewa uko pembeni ya kiti cha nyuma, na juzi kwa mama mmoja wa Donholm tulitoa humo vumbi, manyoya ya paka na karatasi za peremende za kutosha kujaza kofia. Betri isiyopata hewa hupata joto, kompyuta huibania, na injini hubeba kazi yote. Mama aliitazama ile kofia akacheka, akasema paka atatembea kwa miguu.

EPRA, mamlaka ya nishati, ikitangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14, simu zetu hulia. Tukikufanyia servisi, safari ya majaribio na fundi kando yako haitozwi. Njoo Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, Uhuru Highway ikiwa bado inapitika, uwe na tangi angalau nusu, na uvae viatu vya soli nyembamba. Yule wa Aqua alikuja na gamubuti.