Malalamiko kuhusu mashine ya santuri isiyoendana na umeme wetu

Walukuba, Jinja
16 Juni 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala

YAH: MASHINE YA SANTURI NILIYOUZIWA TAREHE 3 MEI

Salaam.

Tarehe 3 Mei nilinunua dukani kwenu mashine ya santuri iliyokarabatiwa, pamoja na transfoma yake, kwa shilingi 1,450,000. Niliambiwa nikifika nyumbani ni kuchomeka na kusikiliza. Leo ni wiki ya saba, na sijasikia santuri hata moja ikiimba inavyopaswa.

Kazi ya kuifunga siilalamikii. Nilivisha mkanda kwenye puli, kile kigurudumu cha mota, nikaazima pimamaji kwa jirani yangu mwashi ili mashine ikae sawasawa, nikazungusha kile kizito cha nyuma ya mkono unaobeba sindano mpaka mkono ukaelea wenyewe, haupandi haushuki, ndipo nikaongeza gramu mbili kama kitabu chake kinavyoagiza. Jumamosi nzima iliishia hapo. Jioni nikawasha, ikatoka sauti ya mbu. Kumbe sindano hutoa milivolti chache tu, na ampu yangu haina pa kuzipokelea. Panatakiwa kikuza sauti kidogo katikati. Hilo hamkunieleza. Nikapanda teksi hadi Kampala, mkaniuzia hicho nacho kwa shilingi 180,000. Yameisha.

Lililonishinda ni mwendo. Santuri ya kwanza niliyoweka ni ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, moja ya zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika alizoniachia baba, aliyekuwa karani wa reli na hakumruhusu mtoto kuzigusa kabla ya kunawa. Mbaraka alitoka kama mtu aliyeamshwa usingizini, na gitaa likiburuta miguu nyuma yake. Nikawapigia simu. Kijana wenu wa kaunta, tena kwa adabu, akanijibu: "Mzee, santuri hizo zimechakaa. Sikiliza kwenye simu tu, ni rahisi." Nilipopiga mara ya pili mkaniahidi miezi mitatu ya bure ya muziki wa mtandaoni.

Simu ninayo, na mjukuu wangu alishaniwekea programu ya muziki. Urahisi wake siubishii: unabonyeza, inaimba, hata ukiwa juu ya boda, mpaka bando likate. Basi nikafuata ushauri wenu. Nilitafuta wimbo uleule kwenye simu, nikauanzisha pamoja na santuri, kidole kimoja kwenye kioo, mkono wa pili ukishusha sindano. Ni wimbo wa dakika tatu hivi. Simu ilipomaliza, Mbaraka wa kwenye santuri alikuwa bado amebakiza zaidi ya nusu dakika. Ile simu mliyonishauri niitumie ndiyo iliyowatolea ushahidi.

Nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, nikahesabu kwa saa ya mkononi. Mizunguko 37 na nusu kwa dakika, badala ya 45. Nilirudia mara tatu, mke wangu akinicheka. Kisha nikaipindua mashine na kusoma kibati cha chini: volti 120, hezi 60, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde. Ni mashine ya soko la Marekani! Transfoma yenu inashusha volti 240 kuwa 120, na kazi hiyo imeifanya vizuri, lakini transfoma haigusi hezi. Umeme wetu, huu unaozalishwa hapa jirani yangu kwenye bwawa la Nalubaale tangu mwaka 1954, ni wa hezi 50, na mota ya aina hii mwendo wake hufuata hezi. Chukueni 45, zidisheni kwa 50, gawanyeni kwa 60. Mtapata 37.5, ileile ya karatasi yangu. Santuri za baba hazina kosa lolote, na kusingiziwa kwao ndiko kulikoniuma kuliko pesa.

Kwa hiyo miezi mitatu ya bure sitaipokea. Sikuja dukani kwenu kutafuta nyimbo; nyimbo ninazo, sanduku zima. Nilikuja kununua mashine ya kuzipiga.

Ninachoomba ni hiki. Mniletee puli ya hezi 50 ya mashine hiyo, ambayo kipenyo chake kimezidi cha sasa kwa sehemu moja ya tano, na fundi wenu aje kuifunga kwa gharama yenu. Kama puli haipatikani, chukueni mashine, transfoma na kikuza sauti, mnirudishie shilingi 1,630,000. Katoni nimeitunza na stakabadhi zote mbili ninazo. Siku ya kununua niliwaeleza wazi kwamba nitaitumia nyumbani Jinja, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inadai bidhaa ifae kwa matumizi ambayo mnunuzi amemweleza muuzaji. Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14, si la simu.

Karatasi nimeiacha palepale ukingoni mwa sahani. Fundi akija, aje na saa yake ahesabu mwenyewe.

Wenu,
Mteja wa tarehe 3 Mei
Walukuba, Jinja